Chungu Alichokiosha Shangazi

Viwanja Sitini, Ifakara
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Beata,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: umenuna. Ulinuna Jumapili, ukanuna ukifua, ukanuna ukikunja nguo, na hata sasa naamini uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya huku umenuna kwa sauti ya pili. Hali yangu mimi ni nzuri mpaka inanisumbua. Nimekaa jikoni kwenye kigoda cha mama yako, karatasi juu ya goti, jicho moja kwenye maandishi na jingine kwenye beseni lililofunikwa kanga. Chini ya kanga hiyo kuna jambo linaendelea. Nimejiapiza nisilifunue mpaka nimalize ukurasa huu. Nimeshalifunua mara mbili.

Mambo ya kuangalia mizigo, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, ya kuvaa sweta kabla ya kukohoa badala ya baada ya kukohoa, mama yako ameyasema na atayarudia mpaka treni iondoke. Miguu ikimruhusu atalikimbilia dirisha ayamalizie. Mimi nimebakiwa na habari ya chachu, na kidogo habari ya shangazi yako. Wiki hii zimekuwa habari moja.

Tuanze na kesi yenyewe, uisikie kutoka kwa mtu ambaye hakulia.

Shangazi yako Fides, dada yangu mkubwa, alitoka Lupiro kuja kukuaga. Alikuja na kuku, na mchele wake mpya unaonukia, na adabu yake, ambayo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Fides hajawahi kukaa kwenye nyumba ya mtu mikono mitupu. Akikuta ua haujafagiliwa, anafagia. Akikuta umefagiliwa, anafagia tena ili watu waone ulivyotakiwa kufagiliwa. Jumapili sisi tulikwenda misa, yeye goti likamkatalia, akabaki. Akaingia jikoni, akaona nyuma ya mtungi wa maji chungu kimefunikwa kitambaa. Akafunua. Ndani kuna uji wa kijivu, umejaa mapovu, unanuka kama pombe iliyogombana na maziwa.

Sasa jiweke mahali pake. Umelelewa vizuri, binti wa mdogo wako anasafiri, wageni wa kuja kumuaga wataanza kuingia wakati wowote, na jikoni kuna kitu kimechacha. Ungefanya nini? Basi ndicho alichofanya. Aliumwaga kwenye migomba, akasugua chungu kwa majivu na mchanga, akakimiminia maji ya moto, akakianika juani. Tuliporudi kilikuwa kinang'aa kama kimetoka kwa mfinyanzi asubuhi ile.

"Nimewasitiri," akasema, kwa sauti ya chini, ili majirani wasiisikie aibu yetu.

Ukakishika kile chungu, ukakinusa, ukasema, "Shangazi, umeniulia mkate wangu."

Alicheka kwanza, masikini. "Mkate gani, mama? Ule uji uliochacha?"

"Huo huo."

Hukupaza sauti, na ndiyo maana iliuma. Uliingia chumbani ukafunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo unapita mbele yake na ndoo kichwani bila shikamoo. Na yeye kila ukipita anaitikia, "Marahaba," kwa mazoea, kisha anakumbuka kwamba hakuna aliyemwamkia, anajifanya anakohoa. Sijui kama umewahi kuisikia hiyo marahaba. Mimi nimeisikia.

Ulichopoteza nakielewa. Mama yako mdogo Skola hakukuita Makambako ukaoshe vikombe. Mgahawa wake uko kando ya barabara, na barabara nzima ile inauza maandazi, kila jiko na karai lake, kila karai na moshi wake. Alisema njoo na mkate wa baba yako, ule mgumu nje na laini ndani, ambao dereva akiununua asubuhi unafika naye Tunduma bado una heshima. Bila chachu unakwenda kuongeza mikono miwili tu kwenye beseni la vyombo. Nilikuona unanunua hamira za paketi, unazipanga sandukuni kama mtu anayepanga dawa za ugonjwa alioambiwa hauponi.

Sikusema kitu. Unajua nikinyamaza huwa kuna mawili: ama sijui, ama najua mno. Safari hii yalikuwa yote mawili.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mfyeka nyasi pale misheni. Nikaingia jikoni kwa sababu moja tu. Sista Ludovika alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kukanda unga, na kila aliyemwita alikuwa anacheka. Alikuwa mfupi, ana mikono kama ya mvuta nyavu, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno yote, ila kila neno limekaa kwenye kiti cha mwenzake. Sisi tunasema unga umeumuka. Yeye alishindwa kabisa kutenganisha kuumuka na kuamka. Asubuhi alikuwa anafunua beseni na kutangaza, uso wote unawaka, "Ameamka!" Kama vile ndani kuna mtoto. Na unga ukichelewa, alijiwekea kidole mdomoni: tunyamaze, bado amelala. Wapishi walikuwa wanatoka nje kwenda kuchekea kwenye kuni. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akajitolea kumnyoosha. Sista, unga si mtu, hauamki, unaumuka. Sista alishukuru sana, akaandika pembeni ya kitabu chake cha sala, na kesho yake akafunua beseni: "Ameamka!"

Mimi pia nilicheka, lakini nilicheka nyumbani. Hiyo ndiyo elimu iliyonipa kazi. Na ndiyo maana katika nyumba hii unga haujawahi kuumuka hata siku moja. Ulipokuwa darasa la tatu ulizomewa kwa kuandika kwenye insha kwamba mama alikanda unga, akangoja, unga akaamka. Nilitaka nije kumweleza mwalimu wako, nikaona historia ni ndefu.

Historia yenyewe Sista alikuwa anaitoa vipande vipande, akikanda. Zamani sana, huko Misri, mtu alikoroga unga na maji akausahau. Misri, kwa maelezo yake, ni Ifakara iliyonyimwa mvua. Unga ukachacha. Mtu mwenye akili zake angemwaga, huyu akauoka. Sista aliamini huyo alikuwa mtu mwenye hekima. Mimi nikamwambia alikuwa mvivu au fukara, na kama ni ndugu yetu basi alikuwa vyote viwili. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kuanzia hapo, kizazi kwa kizazi, mkate ulikuwa ndio huo. Kila nyumba na chungu chake. Unachota, unaoka, kilichobaki unakilisha unga na maji, maisha yanaendelea. Binti wa kwao Sista akiolewa alikuwa anaondoka na donge la chachu ya mama yake, kama bibi zetu walivyokuwa wanaondoka na kaa la moto kutoka kwa jirani. Hamira hii ya chengachenga, ya paketi, ni mtoto wa juzi wa viwandani. "Hamira anakimbia," Sista alikuwa akisema, "chachu anatembea." Nikamuuliza yupi anafika. Akasema wote wawili, ila anayetembea ameiona njia. Sikujua kama hiyo ni dini au ni mapishi, nikaendelea kukanda.

Aliponipa donge langu nikaja nalo nyumbani, nikajenga lile tanuri la udongo wa kichuguu, nikaanza kuoka. Udongo ulishika, moto uliwaka, mkate uliiva. Tatizo likawa neno. Watu wa hapa, ambao mkate kwao si chakula bali ni kitu cha kumpa mdomo kazi wakati wali unaiva, walikuwa wanatafuna kidogo, wanaangaliana, wanarudisha. "Mzee Kasto, umechacha huu." Na kwetu sisi kuchacha ni neno lisilo na rafiki. Chakula kikichacha kimeharibika. Ugomvi ukichacha watu wanatafuta fimbo. Siku hizi na vijana nao mfuko ukiwa mtupu wanasema wamechacha. Mmoja aliniambia, "Mzee, mkate wako umechacha, na mimi nimechacha, nadhani tutaelewana." Tulielewana, akala bure.

Kwa hiyo nikabadilisha jina. Nikauita mkate wa misheni. Ni mkate ule ule, uchachu ule ule, tanuri lile lile. Watu wakatafuna wakasema ahaa. Aliyeuliza ule uchachu unatoka wapi nilimwambia Ulaya. Na hamira ilipopotea madukani, wakati ule wa rafu tupu na vumbi, mimi niliendelea kuoka ilimradi ngano imepatikana, na watu wakazidi kuamini kwamba kitu cha Ulaya ni kitu cha Ulaya.

Sasa hili hulijui, na mama yako analijua nusu.

Ni kweli Sista alikuja na chachu ya kwao. Aliikausha kwenye leso, akaisafirisha katikati ya nguo zake. Alipofika hapa akailowesha, na joto letu likaimaliza. Ikawa na rangi kama ya ulimi na harufu ya kufukuza paka. Akajaribu tena kwa kipande kilichobaki, ikafa. Alilia, aliniambia mwenyewe. Mama mmoja wa kijiji cha Mbingu aliyekuwa analeta kuni akamkuta analia, asijue la kumfanyia mtawa mwenye huzuni, akampa togwa. Sista akachungulia ndani ya kibuyu. Mapovu. Akanywa nusu, nusu akaimimina kwenye unga wa ngano. Kesho yake jikoni pale likasikika lile tangazo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo chachu ya Ulaya, mwanangu, mama yake ni uji wa mahindi na kimea cha ulezi. Aliniambia siku aliponipa donge langu, na akaniagiza nimwambie yeyote atakayeuliza. Watu waliuliza. Mimi nilikuwa nawajibu swali jingine.

Jumapili basi, nyumba nzima ilipokaa kama yenye msiba, nilijua pa kuanzia. Na bado sikuanzia hapo. Nilitaka chachu yule yule. Nikachukua mwiko wa zamani, ule wenye nyufa, na kitambaa kilichokuwa kinafunika chungu, nikavilowesha kwenye unga na maji ya uvuguvugu nyuma ya tanuri, usione. Nilidhani humo kwenye nyufa kuna mjukuu wake amejificha. Kilichotoka humo nilikwenda kuwamwagia bata wa jirani. Wale bata wanakula sabuni. Walikitazama wakarudi nyuma hatua kadhaa, mmoja akanitazama mimi. Siku nilizozipoteza kumtafuta yule yule zingetosha kumlea mwingine. Hilo nimejifunza nikiwa na mvi, wewe lichukue ukiwa bado na nywele nyeusi, ukaliweke popote litakapokufaa.

Ndipo nikaenda kwa Fides. Alikuwa uani anafagia sehemu iliyokwisha fagiliwa. Nikamwambia, dada, mtoto anasafiri na hajanywa togwa ya kwao, hiyo ni safari gani? Ungeuona uso wake. Aliacha ufagio hapo hapo. Alitoa kimea kwenye furushi lake, maana Fides hasafiri bila kimea kama wengine wasivyosafiri bila rozari, akapika uji, akaupoza, akatia kimea. Akatafuta chombo safi cha kuutulizia. Na chombo safi kuliko vyote Ifakara nzima unakijua.

Ilipokuwa tayari alikuletea kikombe cha kwanza, na ukamwambia umeshiba. Akakinywa yeye mwenyewe, amesimama, akisema nzuri kweli, kama mtu anayemsifia mwenzake. Nilikaribia kuingilia kati. Nikaona nisubiri chungu.

Asubuhi iliyofuata iliyobaki ilikuwa inachemka bila moto. Nikaanza kutia unga wa ngano. Fides akanikuta.

"Kasto, unaharibu togwa yangu."

Nikamwambia naikuza. Akauliza togwa na ngano nani kanifundisha, na mimi, kwa ulimi uliozoea, nikasema Wazungu. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikaweka mwiko chini, nikamweleza yote: leso, machozi, mama wa Mbingu, kibuyu. Alisikiliza amekunja kanga yake magotini. Nilipomaliza akauliza swali moja. "Kwa hiyo ule niliomwaga ilikuwa togwa ya siku nyingi?"

Nikasema ndiyo.

"Nani anamwaga togwa, Kasto? Mngeniambia ni togwa ningeikoroga nikaifunika. Ninyi mmesema ni chachu."

Dada yangu alisema kweli, Beata. Jina nililolificha ili niuze mikate ndilo lingekilinda kile chungu. Fides hakuosha kwa ujeuri wala kwa ushamba. Aliosha kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kilichokuwa mle ndani ni cha kwao.

Subiri, nimefunua tena.

Mwanangu, lile beseni nililikanda mchana kwa chachu hii mpya, na nililiacha likiwa nusu. Sasa kanga imepata tumbo. Nimeibonyeza pembeni kwa kidole, ikarudi polepole, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri. Bado kidogo. Lakini nakuambia kila mstari naweka kalamu chini nichungulie, na mimi nimeoka mikate mingi kuliko misa nilizokwenda, ambayo si sifa njema lakini ndiyo kweli. Mama yako amepita hapa mara mbili anauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia nakuandikia nasaha. Akasema basi lazima ziwe fupi.

Wakati tunangoja, nikuambie ya njiani.

Usikifunge chombo cha chachu mpaka mwisho. Niliwahi kumpelekea Fides mwenyewe chachu kule Lupiro, kwenye chupa, ili aonje mapishi ya kisomi. Nikaiziba kwa gunzi la mahindi, nikalipigilia vizuri, nikaifunga kwenye kapu la baiskeli, jua la saa saba kichwani. Tukafika katikati ya mto, juu ya pantoni, watu wamebanana na mbuzi na magunia, gunzi likatoka. Mlio wake, sijawahi kusikia bunduki ya karibu hivyo. Abiria walilala chini. Mzee mmoja alimkumbatia mbuzi asiye wake. Gunzi lilianguka majini, na uji uliobaki ukatua juu ya suruali nyeupe ya bwana mmoja wa ofisini, ambaye aliniuliza ninasafirisha nini. Nikamjibu mkate. Hakuniamini, na sikumlaumu. Lupiro nilifika na chupa tupu, kwa hiyo Fides hakuwahi kuiona wala kuinusa. Laiti ningeacha tundu dogo, Jumapili yote hii isingekuwepo. Kitu kinachopumua kiachie nafasi ya kupumua. Naongelea chupa. Ukiona linafaa na kwingine, sitakuzuia.

Halafu usije ukakiona kinachonunuliwa kwa wenzako ukakikimbilia. Biashara ilipofunguliwa, mkate mtamu wa mjini ukaanza kuja na malori, mweupe, mlaini, umekatwa tayari kama vile wateja hatuna visu. Nikaingiwa na hofu. Nikatia sukari, nikatia hamira, nikatia na rangi kidogo, Mungu anisamehe. Mteja wangu wa siku zote alikula akasema, "Mzee, nikitaka ule wa lori si nitanunua wa lori?" Nikarudi kwa chachu, na chachu haikuniuliza nilikuwa wapi. Makambako watakuambia mkate wako una ukali. Waambie ndiyo, unao. Waambie ni wa togwa. Mimi sikuthubutu. Wewe thubutu, huko wanaijua togwa kuliko sisi.

Na baridi. Huku kwetu unga ukitazamwa vibaya tu unaamka, kwa sababu ya joto. Kule kuna upepo unaoingia mpaka kwenye mawazo. Chachu itakaa kimya, nawe utadhani imekufa. Usiiweke juu ya makaa. Mimi niliwahi kuiweka, nikapata chapati. Iweke jirani na jiko, uifunge lile sweta ulilochagua mnadani, ungoje. Utangoja mpaka uone aibu. Na wewe mwenyewe siku za kwanza utakuwa hivyo hivyo, umekaa kwenye kona ya jiko la watu, hujui kucheka vichekesho vyao, na usiku utadhani umekufa. Hujafa. Ni baridi tu.

Wale wana wa Israeli, unakumbuka katekista alivyotufundisha, walitoka Misri kwa haraka mpaka unga wao haukuwahi kuchacha, wakaenda jangwani na mkate bapa. Nimeufikiria sana mkasa huo wiki hii. Wao walikuwa wanafukuzwa na jeshi. Wewe unafukuzwa na nini? Unatoka Ifakara, unapanda treni, hakuna farao nyuma yako, ila mama yako anayekumbushia sweta. Una muda wa kuondoka na chachu. Na una muda wa lile jingine.

Maana Fides amefunga furushi lake. Ameniambia akishaona mwisho wa beseni hili atalala, na alfajiri ataondoka na baiskeli ya kwanza kwenda kivukoni, kabla hujatoka chumbani, asije akakutibulia safari. Tangu apike togwa ile amelala jikoni humu kwenye mkeka. Anapunguza, analisha, anakoroga, anafunika. Anakiongelesha kile chungu, nimemsikia. Hajakwambia kwa sababu hujui jinsi ulivyo na mgongo mrefu ukiamua kumpa mtu mgongo. Umeurithi kwangu, na mimi kwa mama yetu, na Fides anaufahamu toka zamani.

Ngoja, ndiye anaingia.

Nakuandikia yaliyotokea sasa hivi, wino haujakauka. Amepiga magoti kwa lile goti bovu. Hakuniuliza. Ameifunua kanga taratibu kama anavyofunuliwa mtoto mgonjwa aliyelala. Unga umejaa beseni mpaka ukingoni, umevimba, una ngozi nyororo, na juu kabisa povu moja limepasuka mbele ya macho yetu. Amebonyeza kwa kidole. Umezama, ukarudi. Akanitazama.

"Kasto," amesema, "ameamka."

Sikumfundisha. Mwalimu wa insha angemkata alama. Huyu huyu ambaye Jumapili alikuwa anauita uji uliochacha. Halafu amekivuta kile chungu karibu yake, akachungulia chachu iliyobaki ndani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akacheka, akaniuliza, "Sasa hiki nikioshe?"

Nimecheka mpaka mama yako amekuja na taa kuangalia.

Tanuri limeshapamba moto. Mikate inaingia sasa, na ukirudi ua wote utakuwa unanukia, kwa hiyo hata nisingeandika ungejua. Lakini barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hujalala, kwa sababu chachu yako haiko sandukuni. Nimeitia kwenye kopo la maziwa, kifuniko hakijakazwa, nikaliweka jikoni upande wa ndani wa mkeka wa shangazi yako, kati yake na ukuta. Kulifikia ni lazima ama umruke ama umwamkie, na mwanangu namjua, miguu yake haina urefu huo.

Hamira za paketi nimeziacha humo humo sandukuni, mtu hajui.

Usiogope kwamba utamkuta amelala. Nimemchungulia hivi sasa kupitia mlangoni. Amekaa juu ya mkeka na kanga begani, anasikiliza hatua za wanaotoka kanisani, kila wakipita watu anageuza kichwa.

Ameamka. Mwamkie.

Baba yako